Umebadilisha diski ya kompyuta yako? Hakikisha TRIM imewashwa

Diski za SSD zinafufua kompyuta za zamani kwa gharama ndogo. Lakini diski inapotoka kwa kampuni tofauti na ile iliyounda kompyuta, kuna kipengele kimoja cha matunzo ambacho huenda kisiwe kinafanya kazi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kukikagua, jinsi ya kukiwasha, na jambo la lazima kufanya kabla ya kukigusa.

Kompyuta nyingi ambazo wenyewe husema zimeisha hazijaisha. Kibodi ni nzima, skrini ni safi, na mashine bado ina nguvu ya kuandika barua, kupanga hesabu za chama au kujaza fomu kwenye mtandao. Kilichochoka ni diski. Ndiyo sababu mafundi wengi sasa wanapendekeza tiba moja: kutoa diski ya zamani na kuweka ya aina ya SSD. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka sasa huwaka kwa sekunde chache, na mwenye nayo hulipa na kwenda zake akiwa ameridhika.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, baadhi ya mashine hizo huanza kusita tena. Kuhifadhi faili kunachukua muda, na kunakili picha kunaenda kwa kuruka na kusimama. Sababu zinaweza kuwa nyingi, lakini moja ni rahisi kuikagua na haihitaji pesa: kipengele kiitwacho TRIM hakikuwashwa siku diski ilipowekwa, au kimewashwa lakini hakiifikii diski. Kwa zahanati, afisi ya wadi, chuo cha kiufundi au duka la saibaa lenye mashine 10 zilizobadilishwa diski, ukaguzi huu wa dakika tano unaweza kuongeza maisha ya vifaa vilivyonunuliwa kwa jasho.

DISKI MBILI, TABIA MBILI

Diski ya zamani ina sahani zilizopakwa sumaku. Sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo husogea juu yake kutafuta data. SSD haina kitu kinachosogea. Data yake hukaa ndani ya chipu, za jamii moja na zile za flashi diski. Kwa kuwa hakuna mkono wa kusubiri, SSD ya kawaida ya SATA husoma takribani megabaiti 500 kwa sekunde, kiasi ambacho diski ya kuzunguka haikaribii.

Hata hivyo, chipu hizo zina masharti mawili. La kwanza, haziwezi kuandikwa juu ya maandishi ya zamani. Lazima nafasi ifutwe kwanza. Na ingawa huandikwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa kurasa, hufutwa kwa mafungu makubwa yanayoitwa bloku, kila moja ikiwa na mamia ya kurasa. La pili, kila bloku ina idadi ya mara inazoweza kufutwa kabla ya kuchakaa. Kwa diski nyingi za bei ya kawaida, idadi hiyo ni kati ya mara mia kadhaa na elfu chache.

MFANO WA SOKO

Chukua mfano wa soko lenye safu za vibanda. Sheria ya soko hili ni kwamba huwezi kuosha kibanda kimoja. Unaosha safu nzima kwa mpigo. Kwa hivyo kabla ya kuosha, msimamizi huhamisha bidhaa za wafanyabiashara waliobaki hadi safu nyingine, kisha humwaga maji.

Sasa, mfanyabiashara fulani anaacha biashara. Anaenda afisini mjini na jina lake linafutwa kwenye sajili. Lakini hakuna anayempigia simu msimamizi kule sokoni. Msimamizi anaendelea kulinda mzigo ulioachwa, na kila anapoosha safu anaubeba na kuupeleka safu nyingine, akidhani una mwenyewe. Baada ya muda soko zima linaonekana limejaa, kazi ya kubeba inaongezeka, na mfanyabiashara mpya akija anaambiwa asubiri nafasi itengenezwe.

Hivyo ndivyo SSD inavyofanya kazi bila TRIM. Unapofuta faili, Windows au mfumo mwingine wowote hufuta jina tu kwenye sajili yake. Diski yenyewe haijui. Inaendelea kuhamisha data ambayo hakuna anayeihitaji, jambo linaloichosha na kuipunguzia kasi. TRIM ni ile simu kutoka afisini kwenda sokoni: kibanda hiki hakina mwenyewe tena, usijisumbue nacho.

KWA NINI DISKI YA KAMPUNI NYINGINE?

Microsoft iliweka TRIM katika Windows 7, mwaka 2009, na Linux ikafuata mwaka 2010. Mifumo hiyo haikubagua diski kwa jina la kampuni. Apple ilichukua njia tofauti. Ilipoanza kutumia TRIM katika kompyuta zake za Mac mwaka 2011, iliiwasha kwa diski ambazo ilizifunga yenyewe kiwandani pekee. Mwenye MacBook aliyenunua SSD ya Samsung, Crucial au Kingston alikuta diski inafanya kazi vizuri, ila bila TRIM.

Watu walitumia programu za pembeni kukwepa kizuizi hicho. Mwaka 2014, toleo la Yosemite lilipoanza kukataa viendeshi visivyo na saini ya usalama, programu hizo zililazimika kuzima ulinzi huo ili kufanya kazi. Hatimaye, Juni 2015, Apple ilitoa toleo la 10.10.4 likiwa na amri rasmi ya kuwasha TRIM kwa diski yoyote. Lakini ni lazima mwenye kompyuta aiwashe mwenyewe. Haijiwashi.

Tahadhari hiyo ya Apple haikukosa msingi. Baadhi ya diski zimewahi kupokea aina fulani ya amri za TRIM vibaya, kiasi kwamba hadi leo Linux ina orodha ya modeli ambazo haitumii aina hiyo kwazo, zikiwemo za Samsung za mifululizo ya 840 na 850. Hii ndiyo sababu ya hatua inayofuata kuwa ya lazima.

KWANZA, WEKA NAKALA

TRIM inabadilisha maana ya kufuta. Kwenye diski ya zamani, faili iliyofutwa kwa bahati mbaya mara nyingi inaweza kurudishwa na fundi, kwa kuwa data yenyewe bado ipo mpaka iandikwe juu. Kwenye SSD yenye TRIM, diski inaambiwa mara moja kwamba nafasi hiyo iko huru, na inaweza kuisafisha ndani ya muda mfupi. Baada ya hapo, kwa kawaida hakuna programu itakayoirudisha.

Kwa hivyo, ikiwa kuna faili uliyoifuta na bado unatumaini kuipata, usiwashe TRIM leo. Zima mashine na umwone fundi kwanza.

Kwa wengine wote, fuata kanuni ambayo watunza kumbukumbu wa kidijitali huitumia: nakala 3 za kila faili muhimu, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na nakala 1 ikae mahali pengine nje ya jengo. Daftari la wagonjwa, orodha ya wanachama, matokeo ya wanafunzi na stakabadhi za malipo ni vitu ambavyo havinunuliwi tena dukani.

Fungua pia faili mbili tatu kutoka kwenye nakala hiyo, ukitumia kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijajaribiwa haijulikani kama ipo.

KOMPYUTA YA WINDOWS

Bonyeza kitufe cha Start, andika cmd, kisha bofya kulia na uchague Run as administrator. Katika dirisha jeusi, andika:

fsutil behavior query DisableDeleteNotify

Tazama nambari inayokuja baada ya NTFS. Ikiwa ni 0, Windows inatuma TRIM. Ikiwa ni 1, imezimwa. Usichanganywe na neno Disabled ambalo matoleo mengine huandika kando ya 0. Amri inauliza kama uzimaji umewashwa, na jibu ni kwamba haujawashwa. Fuata nambari.

Ukikuta 1, andika:

fsutil behavior set DisableDeleteNotify 0

Hapo umejua kwamba Windows inatuma. Sasa hakikisha inajua inazungumza na diski ya aina gani. Katika kisanduku cha kutafutia andika Defragment and Optimize Drives, ufungue dirisha hilo, na utazame safu ya Media type. Panapaswa kuandikwa Solid state drive. Chini yake, Scheduled optimization inapaswa kuwa On. Kwa kawaida hufanyika mara moja kwa wiki.

Ikiwa fundi alinakili kila kitu kutoka diski ya zamani bila kuweka Windows upya, huenda pakaandikwa bado Hard disk drive. Windows inaikumbuka diski iliyotolewa. Chomeka kipakatalishi kwenye umeme, kwa kuwa amri hii haifanyi kazi kwa betri, kisha katika dirisha jeusi lile lile andika:

winsat formal

Itachukua dakika chache. Ikimaliza, rudi kwenye dirisha la Optimize Drives, chagua diski na ubofye Optimize. Kwa SSD, kitufe hicho hutuma TRIM kwa nafasi zote zilizo wazi, zikiwemo zile zilizoachwa kabla hujawasha kipengele hiki.

KOMPYUTA YA MAC

Modeli zinazobadilishwa diski mara nyingi ni zile zilizotumia diski ya kawaida ya inchi 2.5, kama MacBook Pro ya 2012 isiyo na skrini ya Retina. Bofya alama ya tufaha, chagua About This Mac, kisha System Report, na ufungue sehemu ya SATA. Tafuta mstari wa TRIM Support. Ukiona Yes, kazi imekwisha. Ukiona No, na mfumo wako ni 10.10.4 au wa baadaye, funga programu zote, fungua Terminal na uandike:

sudo trimforce enable

Utaulizwa neno la siri. Herufi hazitaonekana unapoziandika, na hilo ni kawaida. Kisha utaona onyo refu kwamba Apple haitoi dhamana ya matokeo na kwamba unapaswa kuwa na nakala ya data. Ukikubali kwa kuandika y, utaulizwa tena kama uko tayari kompyuta ijizime na kujiwasha. Ikishawaka, rudi kwenye System Report uthibitishe kwamba No imekuwa Yes. Ukigundua hitilafu yoyote isiyokuwepo awali, amri hiyo hiyo ikiishia na disable itarudisha hali ya kwanza.

KOMPYUTA YA LINUX

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Baadhi ya shule na vikundi vinahamia Ubuntu na mifumo mingine ya Linux. Kuona kama diski inapokea TRIM, fungua Terminal na uandike:

lsblk --discard

Ikiwa safu za DISC-GRAN na DISC-MAX zina nambari tofauti na sifuri, diski inapokea. Ubuntu huwa imeshapanga TRIM ya kila wiki. Kwa mifumo mingine, iwashe hivi:

sudo systemctl enable --now fstrim.timer

PALE INAPOKWAMA

Kuna hali ambazo TRIM haitafika hata ukifuata kila hatua. SSD iliyowekwa kwenye kasha la nje la USB ni mojawapo. Makasha mengi ya bei nafuu hayapitishi amri hiyo. Windows XP na Vista hazina TRIM kabisa. Na kompyuta ambayo mipangilio yake ya BIOS iko kwenye hali ya zamani ya IDE badala ya AHCI inaweza kuleta matatizo. Mpangilio huo usiubadilishe peke yako: Windows inaweza kukataa kuwaka. Mwachie fundi.

MATUNZO MENGINE

Acha nafasi. Diski iliyojaa hadi pomoni haina safu tupu ya kuhamishia bidhaa. Acha angalau asilimia 10 hadi 20 ikiwa wazi.

Usitumie programu za zamani za kupanga upya diski. Kazi hiyo iliisaidia diski ya kuzunguka. Kwa SSD inaongeza uandishi usio na faida na kuichakaza.

Jihadhari na umeme. Umeme ukikatika ghafla wakati SSD inaandika, sajili yake ya ndani inaweza kuharibika. Kwa kompyuta ya mezani, UPS ni kinga muhimu.

Usiifanye SSD kuwa kabati la kumbukumbu. Data ndani ya chipu hushikiliwa na chaji ya umeme, ambayo hupungua polepole diski ikikaa bila kuchomekwa, hasa mahali penye joto na hasa ikiwa imeshatumika sana. Nakala za kuhifadhiwa miaka mingi ziwekwe kwenye diski ya kuzunguka, na zikaguliwe mara kwa mara.

DISKI ILIYOTOLEWA IKO WAPI?

Hili ndilo swali ambalo wateja wengi husahau kumuuliza fundi. Diski ya zamani haikutolewa kwa sababu data yake imekwisha. Imetolewa kwa sababu ni polepole. Ndani yake bado mna nambari za vitambulisho, picha, barua na hata neno la siri la benki, na hata vilivyofutwa vinaweza kurudishwa.

Kwa anayehifadhi taarifa za watu wengine, jambo hili ni la kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya taarifa za kibinafsi azilinde zisifikie mtu asiyehusika, na Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ina mamlaka ya kuchunguza malalamishi. Zahanati ya kibinafsi, shule, chama cha akiba na mkopo au saibaa haiwezi kujitetea kwamba diski ilibaki kwa fundi.

Ondoka na diski yako. Ukishahakikisha kila kitu kiko kwenye diski mpya, ifadhili kama nakala ya akiba iliyofungiwa, au iandikwe juu yote kwa programu ya kufuta kabisa kabla ya kuuzwa au kupelekwa kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Kuitupa jaani si njia.

Wafanyakazi wa kaunti wakumbuke kwamba kompyuta za serikali ni mali ya umma. Mashine ya afisi isifunguliwe wala kupelekwa kwa fundi wa nje bila idhini. Ipitie idara inayohusika na teknolojia, na diski iliyotolewa iandikwe kwenye sajili ya mali.

MASWALI YA MARA KWA MARA

Je, TRIM itafuta faili zangu?
Hapana. Inagusa nafasi ambazo mfumo umeshazitangaza kuwa wazi. Nakala tunayosisitiza ni kinga dhidi ya diski mbovu na dhidi ya mkono wako mwenyewe unaofuta.

Nimetumia SSD miaka mitatu bila TRIM. Nimechelewa?
Hujachelewa. Uchakavu uliokwisha kutokea haurudi nyuma, lakini ukiiwasha na kubofya Optimize mara moja, diski itajua nafasi zote zilizo wazi na mara nyingi kasi hurejea.

Lazima nirudie kila wiki?
Hapana. Ikishawashwa, mfumo hufanya kazi hiyo wenyewe. Kagua tena baada ya kubadilisha mfumo au kuuweka upya.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Mwombe akuonyeshe vitu vinne kwenye skrini na mezani: kompyuta ikitambua diski kuwa SSD yenye ukubwa ule ule uliolipia, jibu la TRIM likiwa 0 kwa Windows au Yes kwa Mac, faili zako zikifunguka, na diski yako ya zamani, ikiwa mkononi mwako. Fundi mzuri hataona vibaya kuulizwa.